Maegesho na njia za miguu: Halmashauri za Dar es Salaam zishirikiane

BARABARA ya Morogoro huanzia katikati ya Jiji la Dar es Salaam, ikavuka bonde la mto Msimbazi pale Jangwani, ikaingia Magomeni, ikapita Manzese na Ubungo, kisha ikaendelea Kimara na Mbezi kuelekea Mkoa wa Pwani. Mwananchi aliyemo ndani ya basi haoni mpaka wowote njiani. Lakini kiserikali mwananchi huyo amekwisha kupita katika maeneo ya halmashauri tatu: ya Jiji, ya Manispaa ya Kinondoni na ya Manispaa ya Ubungo. Kila moja ina baraza lake la madiwani, mkurugenzi wake, wataalamu wake wa mipango miji na sheria ndogo zake. Barabara yenyewe, kwa kuwa ni barabara kuu, iko mikononi mwa TANROADS. Mitaa inayoungana nayo kulia na kushoto iko chini ya TARURA. Njia ya katikati ya mabasi inasimamiwa na Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka. Nguzo za umeme ni za TANESCO, na mabomba yaliyo ardhini ni ya DAWASA.

Hatuna ugomvi na mgawanyo huo wa kazi. Kila chombo kiliundwa kwa sheria na kwa sababu iliyoeleweka. Jambo linalotusumbua ni kwamba kipo kipande kimoja cha ardhi ambacho kila mhusika hapo juu anaweza kukikana, nacho ni kile cha kati ya ukingo wa lami na mlango wa duka. Hapo ndipo zilipo njia za waendao kwa miguu, mifereji ya maji ya mvua, miti ya kivuli, taa, na sehemu za kuegesha magari. Hapo ndipo magari yanapopandishwa juu ya njia ya miguu bila haya, bodaboda zikajipanga mbele ya kivuko cha watu, mchanga wa ujenzi ukamwagwa, na mfuniko wa mfereji ukiibwa shimo likabaki wazi mpaka mtu aanguke. Ukiuliza ni kazi ya nani, utaelekezwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na kila ofisi itakujibu kwa ukweli mtupu kwamba sehemu yake imekamilika.

Kwa maoni yetu, wakati umefika kwa halmashauri tano za Mkoa wa Dar es Salaam, yaani Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, kuunda kwa hiari yao chombo kimoja cha pamoja cha kushughulikia maegesho ya umma na matengenezo ya kando za barabara. Hatusemi iundwe mamlaka mpya yenye jengo, magari na mkurugenzi mkuu. Tunasema iundwe kamati ya pamoja yenye fungu la fedha linalojulikana, sheria ndogo zinazofanana, na ramani moja. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982 inaziruhusu mamlaka kushirikiana kwa kamati za namna hiyo. Kwa hiyo haihitajiki kusubiri muswada wowote upelekwe Bungeni.

Ili kulielewa jambo hili vizuri inafaa tukumbuke lilikotoka. Mwaka 1967, sensa ya kwanza baada ya Uhuru ilipofanyika, jiji hili lilikuwa na watu wapatao 273,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Mitaa ya katikati ya mji, pamoja na ile ya Kariakoo iliyopimwa kwa mistari iliyonyooka tangu enzi za Wajerumani, haikuongezeka upana hata kwa hatua moja. Mipango mikuu ya mji ilitayarishwa mwaka 1949, kisha 1968, kisha 1979, na kila mpango ulitabiri ukuaji ambao mji wenyewe uliupita mbio.

Uongozi wa mji nao umepita katika mabadiliko mengi. Mwaka 1972, katika Madaraka Mikoani, mabaraza ya miji yalivunjwa na kazi zake zikachukuliwa na uongozi wa mikoa na wilaya. Nia ilikuwa njema, ya kuwapelekea wananchi madaraka karibu, lakini miji ilipata taabu: takataka zilirundikana, mifereji ikaziba, barabara za mitaa zikachimbika. Mwaka 1978 ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa na nafasi yake ikashikwa na Tume ya Jiji mpaka mwaka 2000, ndipo zikaundwa Manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji ya kuratibu mambo yaliyozihusu zote tatu. Ubungo na Kigamboni zikazaliwa baadaye kwa kumegwa Kinondoni na Temeke. Hatimaye, Februari 2021, Serikali ikaivunja Halmashauri ya Jiji ya kuratibu, ili kuondoa ngazi mbili za utawala juu ya ardhi moja, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji.

Uamuzi huo wa mwaka 2021 ulikuwa na hoja nzito. Halmashauri ya juu haikuwa na kata zake wala wapiga kura wake, na gharama za kuiendesha zilikuwa zikibebwa na mwananchi yule yule. Lakini ni lazima tukubali kwamba kazi ya kuratibu haikufa pamoja na ofisi iliyokuwa ikiifanya. Mto Msimbazi haukuacha kufurika kwa sababu halmashauri zimekuwa tano, wala magari hayakuacha kuvuka mipaka. Ofisi ya Mkuu wa Mkoa na Wizara ya TAMISEMI zinajitahidi, lakini haziwezi kukaa kila siku kuamua mfereji wa Mtaa wa Fulani uchimbwe na nani. Kazi hiyo ni ya madiwani na wataalamu wa halmashauri wenyewe, wakiwa wamekaa meza moja.

Tuchukue mfano wa fedha, maana hapo ndipo ushirikiano mwingi unapovunjikia. Mfanyabiashara anaishi Mbagala, katika Temeke. Kila asubuhi huendesha gari lake kwenda Kariakoo, ambako ni Jiji. Gari hilo likikaa Kariakoo kutwa nzima, msongamano unaoletwa nalo uko Jiji, na ushuru wa maegesho hutozwa huko huko. Sasa tuseme Temeke ikubali kutenga ardhi Mbagala, kando ya kituo cha mabasi yaendayo haraka, ijenge uwanja wa maegesho wenye ulinzi na taa, ili mfanyabiashara huyo aliache gari lake hapo na kupanda basi. Gharama yote itakuwa ya Temeke: ardhi, kokoto, mlinzi na umeme. Faida kubwa itakuwa ya Jiji, ambalo mitaa yake itapumua. Mkurugenzi gani wa Temeke atasimama mbele ya madiwani wake kuwaomba wapitishe matumizi kama hayo, wakati zahanati na madarasa yanasubiri? Hatamlaumu mtu akikataa. Hesabu ya halmashauri moja moja haiwezi kamwe kuujenga uwanja huo, hata kama kila mmoja anakubali kwamba unahitajika.

Hali ni hiyo hiyo Kimara na Mbezi kwa upande wa Ubungo. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, yenye kilometa zipatazo 21, ilianza kazi Mei 2016, na tangu siku hiyo lilikuwepo swali la nani awatengenezee mahali pa kuacha magari watu wakaao Mbezi na Kibamba wanaotaka kupanda basi. Na hali ni hiyo hiyo kwenye kivuko cha Magogoni, ambako ng'ambo moja ni Jiji na ng'ambo ya pili ni Manispaa ya Kigamboni. Mtu akiacha gari lake Kigamboni akavuka kwa miguu, amelipunguzia Jiji gari moja. Akivuka nalo, amelipunguzia Kigamboni. Kila upande una sababu ya kutamani gari liachwe upande wa pili.

Dawa ya tatizo hili haihitaji elimu kubwa ya uchumi. Sehemu ya mapato ya maegesho iwekwe katika fungu la pamoja, kwa kiwango kitakachokubaliwa na madiwani wa pande zote, na fungu hilo litumike kujenga maegesho ya pembezoni na kutengeneza njia za miguu katika barabara zinazopita mipakani. Jiji litachangia zaidi kwa kuwa ndilo linalokusanya zaidi na ndilo litakalonufaika zaidi. Halmashauri za pembezoni zitachangia ardhi. Hesabu za fungu hilo zikaguliwe kila mwaka na zibandikwe katika ofisi za kata, ili kila mlipaji ajue shilingi yake imekwenda wapi.

Tunasisitiza hili la hesabu kwa sababu historia ya ushuru wa maegesho katika jiji hili haikujenga imani. Ukusanyaji umepata kuwa mikononi mwa halmashauri, ukapewa mawakala binafsi waliotembea na vitabu vya stakabadhi, kisha ukahamia TARURA, na mwaka 2021 ukaingizwa katika mfumo wa kielektroniki. Mfumo huo ulipoanza wananchi wengi walilalamika kwamba wanadaiwa madeni na faini wasizozijua, na Serikali ikalazimika kuingilia kati na kutoa maelekezo. Hatuutetei ujanja wa wenye magari wanaokwepa kulipa. Lakini mlipaji anapoliacha gari lake mahali pasipo alama, pasipo taa, juu ya mfereji ulioziba, kisha akaambiwa alipe kwa saa, ana haki ya kuuliza analipia huduma gani. Ushuru usioonekana ukigeuka kuwa mfereji, taa au mti, mwananchi huuona kuwa ni adhabu.

Wako watakaosema kwamba maegesho ni shida ya wenye magari, na kwamba gazeti la Chama lina mambo makubwa zaidi ya kuandika. Tunawaomba watazame upya. Wakazi wengi wa Dar es Salaam hawana gari. Wanakwenda kwa miguu, kwa daladala, kwa mwendokasi na kwa bodaboda, na hata yule apandaye basi huanza safari yake kwa miguu na kuimaliza kwa miguu. Gari moja linapopandishwa juu ya njia ya miguu, mwenye gari amepata nafasi ya bure na mamia ya watu wamesukumwa katikati ya barabara. Huo ni unyang'anyi wa mali ya umma unaofanywa mchana kweupe, na wanaonyang'anywa ni makabwela. Chama kilichozaliwa kutokana na wakulima na wafanyakazi hakiwezi kuliita jambo hilo dogo.

Walimu wanalijua hili kuliko mtu mwingine yeyote. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, isiyo mbali na Kariakoo, inasomesha watoto wasioona pamoja na wenzao. Buguruni iko shule ya watoto viziwi. Mtoto asiyeona hutegemea fimbo yake na ukingo wa njia. Njia hiyo ikizibwa na gari lililoegeshwa kizembe, fimbo yake inamwelekeza barabarani. Mtoto kiziwi akishushwa barabarani na rundo la mchanga hasikii honi ya lori lililo nyuma yake. Wako pia maelfu ya watoto wa darasa la kwanza na la pili katika kila kata ya mkoa huu, wenye macho na masikio mazima, ambao hawajui bado kupima mwendo wa pikipiki. Mwalimu anaweza kuwafundisha kutembea upande wa kulia na kutazama pande zote mbili. Hawezi kuwafundisha kupita ndani ya gari lililosimama.

Kariakoo panahitaji maneno ya pekee. Jina lenyewe linatokana na kikosi cha wapagazi waliokuwa na kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Soko kuu lililosanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975 na likawa fahari ya Taifa. Julai 2021 liliungua, na Serikali ikatoa zaidi ya shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jengo jipya. Wateja wa Kariakoo hawatoki Ilala peke yake. Wanatoka halmashauri zote tano, mikoani, na nchi jirani kama Zambia, Malawi na Kongo. Malori ya kupakua mizigo, mikokoteni, bajaji, magari ya wateja na ya wenye maduka hugombea mitaa ile ile iliyopimwa wakati gari lilikuwa kitu cha ajabu.

Na hapa hatuna budi kusema ukweli usiopendeza. Majengo mengi ya ghorofa yaliyopanda Kariakoo kuchukua nafasi ya nyumba za zamani yalipewa vibali kwa michoro iliyoonyesha maegesho chini ya ardhi au katika ghorofa ya chini. Apitaye humo leo hukuta mahali hapo pamefanywa maduka na maghala. Mwenye jengo amepata kodi ya pango mara mbili, na magari ambayo yangekaa ndani yake yamemwagwa mtaani. Novemba 2024 jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na kuua watu, Taifa zima liliomboleza, na maswali mazito yaliulizwa juu ya uchimbaji na ugeuzaji wa sehemu za chini za majengo. Ukaguzi wa majengo hayo ni suala la uhai kwanza. Lakini ukaguzi huo huo, ukifanywa kwa dhati, utarudisha pia nafasi za maegesho ambazo kwenye karatasi zipo tayari na hazihitaji kujengwa kwa fedha za umma.

Kuhusu wafanyabiashara wadogo, yaani wamachinga, tunaomba pasiwe na haraka wala jazba. Mwishoni mwa mwaka 2021 waliondolewa kwenye kando za barabara na kupangiwa maeneo mengine. Njia zilifunguka. Katika baadhi ya mitaa, nafasi iliyoachwa na meza ya mmachinga ilichukuliwa mara moja na gari. Kama hilo ndilo tunda la zoezi lile, basi tumemwondoa maskini mwenye meza ya nyanya ili kumkaribisha mwenye gari, na mwendao kwa miguu amebaki barabarani kama zamani. Kando ya barabara iliyopangwa vizuri inaweza kuwa na njia ya watu iliyo wazi, mti, benchi, na katika sehemu zilizochaguliwa hata kibanda cha kuuza maji na magazeti. Jambo hilo linahitaji mchoro mmoja na mwangalizi mmoja. Halmashauri moja ikiwafukuza na jirani yake ikiwapokea bila mpango, watahama kutoka upande mmoja wa barabara kwenda wa pili, na mgambo watakuwa na kazi ya kudumu.

Hatuanzi na mikono mitupu. Mradi wa kuendeleza Jiji la Dar es Salaam ujulikanao kama DMDP, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300 mwaka 2015, ulitekelezwa na Ilala, Kinondoni na Temeke kwa wakati mmoja, chini ya uratibu wa TAMISEMI. Barabara za mitaa ziliwekwa lami, mifereji ikajengwa, taa zikasimamishwa katika maeneo yaliyokuwa giza tangu kuumbwa kwake. Anayetaka ushahidi kwamba halmashauri hizi zinaweza kufanya kazi pamoja kwa viwango vilivyo sawa aende akatazame. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, linaunganisha upande wa Jiji na upande wa Kinondoni, na watu hulipita kwa miguu jioni kwa furaha kabisa. Wahandisi tunao, na kazi ya pamoja tumekwisha kuiweza pale ambapo mkopo kutoka nje ulitulazimisha. Itakuwa aibu kama tutashindwa kuifanya pale tunapotumia fedha zetu wenyewe.

Majirani zetu nao wamelikabili tatizo hili. Nchini Kenya, mwaka 2017 iliundwa Mamlaka ya Usafiri ya Eneo la Jiji la Nairobi, inayozihusisha kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, baada ya kutambua kwamba msongamano wa Nairobi huanzia Thika na Kitengela. Kigali nako, mwaka 2015, sehemu ya barabara katikati ya mji ilifungwa kwa magari, na baadaye ikapambwa kwa miti na viti kwa ajili ya watu. Hatusemi tuige kila kitu. Chombo cha Nairobi ni kikubwa kuliko tunachokipendekeza, na Kigali ni mji mdogo kuliko wetu. Tunasema tu kwamba hoja ya kushirikiana haikuanzia kwetu na haina cha ajabu.

Pingamizi moja tunalitarajia na tunalipa uzito wake. Madiwani watauliza: tukiweka mapato yetu katika fungu la pamoja, wananchi wa kata zetu watatuelewaje? Ni swali la haki. Lakini madiwani karibu wote wa halmashauri hizi tano wametokana na Chama kimoja na wamesimama kwa Ilani moja. Mwananchi wa Manzese aliyepigiwa kura na yule wa Magomeni aliyepigiwa kura waliahidi wapiga kura wao mambo yale yale. Kama nao hawawezi kukubaliana juu ya kipande cha njia ya miguu kinachounganisha kata zao, ni nani atakayeweza? Kamati za siasa za wilaya zinao wajibu wa kuwaita na kuwauliza, si kwa kuamrisha kazi za kitaalamu, bali kwa kudai maelezo.

Ndugu zetu watumishi wa Serikali hawawezi kujitenga. Pita nje ya ofisi nyingi za umma hapa jijini utazame namba za magari yaliyopanda njia ya miguu. Utakuta za raia, na utakuta pia za STK, SU na SM, yaani magari yaliyonunuliwa kwa kodi ya wale wale wanaozungushwa barabarani. Dereva atasema bosi yuko kwenye kikao. Sisi tunasema bosi huyo atembee hatua mia mbili. Wapo wasomaji wanaokumbuka miaka ya shida ya mafuta, katika miaka ya 1970 na 1980, ilipokuwa marufuku kuendesha magari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana. Waliotii waliona taabu, lakini walitii, na wakubwa walitazamwa kwanza kama wanatii.

Wala tusidhani kwamba hili ni la Dar es Salaam peke yake. Mwanza, Jiji na Manispaa ya Ilemela vinagawana mji mmoja tangu mwaka 2012, na barabara iendayo uwanja wa ndege hutoka halmashauri moja ikaingia nyingine. Dodoma, kadiri Makao Makuu yanavyopanuka, Jiji litakutana na Chamwino na Bahi. Huko bado ipo ardhi ya kutenga. Wakurugenzi wa huko wakikaa pamoja sasa watalipa fidia kidogo. Wakisubiri miaka 20 watakuwa wanabomoa.

Kwa Dar es Salaam tunapendekeza kazi ianzie mahali pamoja panapopimika, na mahali hapo pawe ni Barabara ya Morogoro kutoka Fire hadi Kimara, pamoja na mitaa inayoingia humo kwa umbali mfupi. Humo zimo halmashauri tatu, kuna mabasi yaendayo haraka, kuna masoko, shule na zahanati. Wataalamu wa halmashauri hizo, pamoja na wenzao wa TANROADS, TARURA na Wakala wa Mabasi, wahesabu kila nafasi ya kuegesha iliyopo, ya halali na isiyo ya halali. Wapime kila kipande cha njia ya miguu kilichovunjika. Wachore mahali pa bodaboda, pa bajaji na pa malori ya kushusha mizigo, na saa za kushusha. Temeke na Kigamboni ziwe na wajumbe tangu siku ya kwanza, maana barabara ya Kilwa na kivuko vitafuata.

Rasimu za bajeti za halmashauri hupitishwa na mabaraza ya madiwani miezi kadhaa kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Kifungu cha kamati ya pamoja kikikosa kuwemo katika rasimu hizo, mwaka mzima umepotea. Kwa hiyo wakurugenzi wasingoje barua kutoka Wizarani. Waitane wenyewe, waje na wahandisi wao, na kabla ya kuketi ukumbini waanzie kituo cha Fire na watembee kwa miguu, kwa kufuata kando ya barabara, mpaka Magomeni Mapipa.